Stripu Ndiyo Kipimo cha Sukari

Ukienda duka la dawa kununua mashine ya kupima sukari, usianze na bei ya mashine. Anza na ya stripu, vile vipande vinavyochomekwa ndani yake. Mashine utainunua mara moja, stripu utazinunua kila mara, na za mashine ya aina moja haziingii kwenye ya aina nyingine. Ukipima mara moja kwa siku, boksi la stripu 50 halifikishi miezi miwili. Gawa bei yake kwa 50 ndipo ujue kila tone litakugharimu shilingi ngapi. Uliza pia kama zinapatikana karibu na nyumbani kwako.

Kwa nini kipande kidogo hivyo kina gharama? Kwa sababu ndicho kinachopima. Mashine husoma tu. Ndani ya stripu mna elektrodi, yaani vijia vyembamba vya umeme, mara nyingi vilivyochapwa kwa wino wa kaboni. Juu yake hupakwa kimeng'enya, protini ya kuchochea mabadiliko ya kikemia. Kimeng'enya hicho huitambua sukari ya kwenye damu na kuinyang'anya elektroni, nazo zikipita kwenye vijia huwa umeme mdogo sana. Sukari ikizidi, umeme nao huzidi, na mashine huugeuza kuwa namba.

Huenda umesikia pia kuhusu grafini katika vipimo vya namna hii. Ni kaboni ileile iliyomo kwenye penseli, ila ni tabaka moja tu la atomu. Wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga huko Manchester, Uingereza, mwaka 2004 kwa kutumia selotepu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kwa kuwa hupitisha umeme vizuri, watafiti huipaka vimeng'enya au chembe za dhahabu ili ipime vitu vilivyo kidogo mno mwilini, kama dopamini, kemikali ya ubongo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko maabara. Kwa hiyo ukiuziwa saa au pete eti inapima sukari bila kutoboa ngozi, okoa fedha zako: Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja.

Kabla ya kupima, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Ukitoka kumenya embe, utapima sukari ya embe. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana, kisha gusisha tone kwenye ncha ya stripu. Itajivutia damu yenyewe. Sindano usichangie na mtu, hata mwenzi wako. Kopo la stripu lifunge papo hapo, na usiliweke jikoni wala ndani ya gari, maana joto na unyevu huua kimeng'enya.

Baadhi ya mashine husoma kwa mg/dL: ukiona 126, gawa kwa 18, upate 7.0 mmol/L. Asubuhi kabla ya kula, 7.0 au zaidi ni ya kupeleka hospitali wakathibitishe. Mwenye kisukari akishuka chini ya 3.9, anywe nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.