Chura wa Rungwe na Mbung'o

Kila mtoto wa Tukuyu amewaona viluwiluwi katika dimbwi. Chura wa kawaida hutaga mayai kwa wingi majini, kisha huenda zake. Mayai huangua viluwiluwi, nao hugeuka vyura. Lakini walio wengi huliwa kabla ya kukua.

Katika Mlima Rungwe yuko chura asiyefuata desturi hiyo. Mwaka 1905 mtaalamu Gustav Tornier wa Berlin aliandika habari zake. Chura huyu hatagi, bali huzaa. Mayai hukaa tumboni mwa mama, na watoto hulishwa na kiini cha yai mpaka wapate miguu minne. Ndipo huzaliwa nchi kavu, vyura kamili, wadogo sana. Hawana haja ya dimbwi.

Miongoni mwa wadudu, mbung'o hufanana naye. Huyu hapendi baridi ya milimani. Hukaa katika mapori ya nchi za joto. Nzi wengi hutaga mayai, bali mbung'o huchukua yai moja tu tumboni. Funza huangua humo, hulishwa maziwa ya mama yake kwa siku chache, kisha huzaliwa. Mara hujichimbia udongoni, ngozi yake ikawa gamba gumu, na baada ya mwezi hivi hutoka nzi mzima.

Basi wote wawili huzaa, lakini wana tofauti. Mtoto wa chura huzaliwa chura. Mtoto wa mbung'o huzaliwa funza. Chura aweza kuzaa zaidi ya mia kwa mara moja. Mbung'o huzaa mmoja mmoja, pengine kumi maishani mwake. Chura hula wadudu wala hamdhuru mtu. Mbung'o hunyonya damu, akaeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Kiumbe azaaye wachache hawezi kujaza pengo upesi. Kwa mbung'o hiyo ni faida yetu: huko Unguja waliachiliwa madume tasa kwa wingi tangu mwaka 1994, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kwa chura ni hatari. Jamaa yake wa Kihansi, ambaye naye huzaa, alikaa katika bonde moja dogo tu lenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa mwaka 2000 kwa ajili ya umeme, na maradhi yakaingia, alitoweka humo. Kizazi chake kiliokoka kwa wale waliofugwa Marekani.

Kwa hiyo autunzaye msitu wa Rungwe na unyevu wake humtunza na chura huyu.

Maswali
1. Mtoto wa chura wa Rungwe na mtoto wa mbung'o hutofautianaje wanapozaliwa?
2. Kwa nini uzazi mchache wa mbung'o ni faida kwa watu?
3. Chura wa Kihansi alipatwa na nini?