SOMO LA MWEZI: SIMU YA KWANZA YA KUGUSA, KWA WALE WANAOSITASITA



Katika miezi iliyopita wengi wametuuliza swali moja baada ya ibada: "Je, na sisi wazee tununue simu ya kugusa, au tubaki na simu zetu za tochi?" Tumeona vema tujibu kwa somo zima, kwa sababu jibu la haraka limewapoteza watu fedha.

Tuanze na mama mmoja wa kwetu. Mtoto wake alipelekwa Marekani, naye mama amebaki hapa Nakivale. Kila mara mtoto akitaka kuonana naye uso kwa uso, hupiga kwa simu ya kijana wa jirani. Kijana ndiye anapokea, ndiye anasoma ujumbe kwa sauti, ndiye anajua kwanza kama fedha zimetumwa na ni kiasi gani. Hata habari ya msiba wa ndugu yake huko Uvira mama aliisikia kinywani mwa mtoto wa watu, uani, mbele ya wateja wa chapati. Alituambia: "Mambo ya nyumba yangu yanapita kwanza kwenye kidole cha mtu mwingine." Mama huyu hakuwa anataka ufahari. Alitaka siri ya nyumba yake irudi nyumbani.

1. KUSITASITA SI UJINGA

Anayesitasita ana faida moja: hakimbii. Wengi waliodanganywa sokoni ni wale waliofika na fedha mkononi na haraka moyoni. Basi msione haya. Tena, kama simu ya tochi inakutosha kwa kupiga, kupokea na kutuma fedha, hakuna anayekulazimisha kuiacha. Simu ya tochi inakaa na moto siku nyingi, ikianguka inaokotwa na kuendelea. Hata ukinunua ya kugusa, tunashauri usiuze ile ya zamani. Laini ambayo ofisi za UNHCR na OPM wanaijua ibaki ndani ya simu isiyozimika ovyo.

2. UNATAKA IKUFANYIE KAZI GANI?

Kabla ya kwenda sokoni, kaa na watu wa nyumbani mtaje kazi tatu tu. Kwa wengi wetu ni hizi: kuzungumza na watoto walio mbali kwa WhatsApp, kupiga picha za karatasi za familia ili zikipotea au zikilowa pabaki kivuli chake, na kusikiliza mafundisho au habari. Kwa kazi hizi simu ndogo inatosha. Kamera tatu na kioo kikubwa kama sahani ni fedha za bure.

Asiyejua kusoma asikate tamaa. WhatsApp inapokea ujumbe wa sauti: unabonyeza alama ya kipaza sauti, unaongea, unaachia. Simu nyingi za Android zina lugha ya Kiswahili ndani yake, na maandishi yanaweza kukuzwa kwa wenye macho hafifu.

3. HESABU GHARAMA YA KILA MWEZI

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanahesabu bei ya simu, wanasahau chakula chake. Tufanye mfano. Kama kuchaji kwa mwenye sola ni shilingi 500, na unachaji mara tano kwa juma, ni shilingi 2,500 kwa juma, yaani 10,000 kwa majuma manne. Ukiongeza bando la shilingi 1,500 kila juma, ni 6,000 nyingine. Jumla ni 16,000 kwa mwezi, na 192,000 kwa miezi kumi na miwili. Fedha hiyo inakaribia kununua simu nyingine ndogo. Kumbukeni pia kwamba tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12.

Tunasema hili kwa uzito kwa sababu ya hali yetu. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa msaada kwa makundi kulingana na mahitaji, na mwaka 2025 wengi wetu waliondolewa kabisa kwenye orodha. Nyumba ambayo posho imekatwa isiuze mbegu wala mbuzi ili kununua simu. Kama mtoto aliye ng'ambo ndiye anayetaka kukuona, si aibu kumwambia: "Mwanangu, simu utanisaidia, lakini na bando lake je?" Mwulizeni mapema.

4. MAMBO YA KUTAZAMA UNAPONUNUA

Kwanza, mtandao. Boksi liandikwe 4G au LTE. Na iwe ya laini mbili, maana penye mlima mmoja mtandao huu unashika, nyuma ya mlima ule unashika mwingine.

Pili, betri. Tafuta iliyoandikwa 5,000 mAh. Namba ikiwa ndogo, utarudi kwa mwenye sola mara nyingi zaidi.

Tatu, nafasi. RAM isiwe chini ya GB 2, na nafasi ya kuhifadhi isiwe chini ya GB 32. Chini ya hapo simu inajaa picha za kwaya na kuanza kuganda.

Nne, toleo la Android. Simu iliyozeeka sana inakataa programu. Mwezi wa Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na watu walikuta simu nzima isiyo na kazi waliyoinunulia. Omba muuzaji aifungue WhatsApp mbele yako.

Tano, jaribu kwa mkono wako mwenyewe. Mikono ya jembe ina ngozi ngumu, na vioo vingine havisikii kidole kikavu. Andika jina lako. Weka laini yako, piga simu, sikiliza spika, piga picha, chomeka chaja. Muuzaji akikataa usijaribu, mwage kwa heri.

5. SIMU ILIYOTUMIKA: TAHADHARI

Mmoja wetu alinunua simu iliyotumika sokoni mwaka 2022. Ilikuwa nzuri, bei nafuu. Baada ya miezi miwili kioo kikajifunga chenyewe na kuandika kwamba deni halijalipwa. Simu hiyo ilikuwa ya mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na aliyeikopa aliacha kulipa kisha akaiuza. Kampuni inaifunga kutoka mbali, popote ilipo. Fedha ya mahindi ya msimu mzima ikaishia hapo. Kwa hiyo:

(a) Uliza waziwazi: "Simu hii ina mkopo?" Na upewe risiti yenye jina la muuzaji.

(b) Muuzaji aondoe akaunti yake ya Google na kufuta vyote mbele ya macho yako, mpaka simu iwake kama mpya. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, usiilipie. Simu ya hivyo ni mlango wenye kufuli la jirani.

(c) Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Zisipofanana, iache. Simu ya wizi ikikutwa mkononi mwako, wewe ndiwe utakayejieleza polisi, na mkimbizi hana haja ya kesi ya namna hiyo.

6. LAINI IWE KWA JINA LAKO

Tangu mwaka 2019 mkimbizi hapa Uganda anaruhusiwa kusajili laini kwa kadi yake ya mkimbizi au kwa karatasi ya familia ya OPM. Wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu aliyehama zamani. Laini ikipotea, ni nani atakurudishia namba, na fedha zilizomo? Rekebisheni hili kabla ya simu yenyewe.

7. JUMA LA KWANZA

Usijifunze yote kwa siku moja. Siku ya kwanza jifunze kuwasha, kuzima, kupokea na kukata. Siku ya pili, ujumbe wa sauti. Siku ya tatu, kuzima data unapomaliza, na kuzuia picha na video za WhatsApp zisijipakue zenyewe, kwa maana hizo ndizo zinazokula bando usiku. Anayekufundisha asikushikie simu: aelekeze, kidole kiwe chako. Na nambari ya siri ya kufungua uiweke mwenyewe.

Ukipata namba ya tarakimu sita ya WhatsApp kwa ujumbe, usimpe mtu yeyote, hata akijiita mchungaji au mtu wa ofisi. Atakayeipata ataichukua akaunti yako na kuomba fedha kwa watoto wako kwa jina lako. Vilevile, ujumbe wowote unaosema ulipe ili upelekwe Marekani au Kanada ni wizi. Huduma za UNHCR hazilipiwi, na safari ya kuhamishiwa nchi nyingine haiuzwi kwa simu wala ana kwa ana.

MWISHO

Yule mama tuliyeanza naye alingoja miezi mitatu. Alikwenda sokoni mara mbili akarudi mikono mitupu, watu wakamcheka. Mara ya tatu alinunua simu ndogo, na simu ya tochi akaibakiza. Siku hizi mtoto akipiga, mama anaingia ndani na kufunga mlango.

Atakayetaka tumsindikize sokoni atuambie Jumapili. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Nyumba yetu inahitaji simu hii kwa kazi gani tatu?
2. Kuchaji na bando vitatoka wapi mwezi wa pili na wa tatu?
3. Laini zetu zimesajiliwa kwa majina ya nani?
4. Ninyi vijana, mnapowasomea wazazi ujumbe wao, je, mnatunza siri zao?