Ratiba ya Ukaguzi wa Majengo: Kuona Kabla Zege Halijafunika

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya msiba wa namna hiyo wataalamu huokota vipande vya zege na nondo ili kutafuta chanzo. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haimrudishii mtu uhai. Wakati ufaao wa kuitazama nondo ni kabla haijafunikwa, na wakati huo ni mfupi. Pengine ni asubuhi moja tu. Makala haya yanaeleza jinsi ratiba inavyoweza kumfikisha mkaguzi wa mji mahali pa kazi katika asubuhi hiyo.

Kazi inayofunika kazi

Katika ujenzi kila hatua huificha ile iliyoitangulia. Zege hulificha shimo la msingi pamoja na nondo. Udongo huyaficha mabomba ya maji machafu. Lipu huuficha ukuta. Kwa sababu hiyo ukaguzi hauwezi kupangwa kwa kalenda peke yake, kwa mfano mara moja kila mwezi. Hauna budi kufuata hatua za kazi. Hatua zilizo kuu ni hizi:

1. Shimo la msingi, kabla ya kumwaga zege. Mkaguzi hutazama kina, ugumu wa udongo, na kama kuna maji yaliyotuama.
2. Nondo za msingi, nguzo, boriti na jamvi, kabla ya zege. Hupimwa unene wa nondo, idadi yake, nafasi kati yake, na jinsi ringi zilivyofungwa.
3. Mabomba ya maji machafu, kabla ya kufukiwa. Hujazwa maji ili kuona kama yanavuja.
4. Jengo lililokamilika, kabla ya watu kuhamia.

Tuchukue mfano wa hatua ya pili. Nondo ikilala juu ya mbao za kalibu, upande wake wa chini hautafunikwa na zege. Katika miji ya pwani hewa ina unyevu na chumvi, na chuma hicho kitashika kutu upesi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Mkaguzi aliyefika mapema huondoa kosa hilo kwa kuagiza vipande vidogo vya zege viwekwe chini ya nondo, kazi ya muda mfupi. Aliyefika kesho yake atalazimika ama kuyaamini maneno ya fundi, ama kuamuru jamvi lichimbuliwe.

Kalenda ya zege

Watu wengi hudhani kwamba zege hugumu kwa kukauka, kama nguo iliyoanikwa juani. Sivyo. Saruji huungana na maji kikemia, na muungano huo huendelea kwa siku nyingi. Ndiyo maana zege jipya humwagiliwa maji.

Ili kupima nguvu yake, siku ya kumwaga zege hujazwa kalibu ndogo za chuma, kila upande milimita 150. Vipande vinavyopatikana hutunzwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine, baadhi baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28. Kwa saruji ya kawaida, nguvu ya siku 7 hukaribia theluthi mbili ya ile ya siku 28. Kipimo cha kwanza basi ni onyo la mapema: kikiwa duni mno, kazi ya ghorofa inayofuata yaweza kusimamishwa kabla mzigo haujaongezeka. Mirunda inayolishikilia jamvi nayo isiondolewe mpaka zege limepata nguvu ya kutosha kujibeba.

Namba 7 na 28 zote zinagawanyika kwa 7. Zege lililomwagwa Jumatatu litapimwa Jumatatu, mara zote mbili. Ikiwa maabara hufungwa Jumapili, yafaa mpangaji aepuke kumwaga zege siku ya Jumapili.

Nani atangulie?

Mji una maeneo mengi ya ujenzi na wakaguzi wachache. Tuseme mkaguzi mmoja anaanza kazi saa 2 asubuhi, na maeneo matatu yako tayari. Muda wa ukaguzi hapa ni pamoja na safari.

Eneo A, karibu na ofisi: saa 3 za kazi, zege litamwagwa saa 10 alasiri.
Eneo B: saa 2 za kazi, zege saa 7 mchana.
Eneo C, mbali: saa 2 za kazi, zege saa 4 asubuhi.

Akianza na lililo karibu, yaani A, B, kisha C, atamaliza A saa 5, B saa 7, na C saa 9 alasiri. Eneo C litakuwa limechelewa kwa saa 5. Akifuata C, B, A, atamaliza saa 4, saa 6 na saa 9, wala hakuna litakalochelewa.

Kanuni ni kutanguliza lile ambalo mwisho wake uko karibu zaidi. Mmarekani J. R. Jackson aliithibitisha mwaka 1955. Hoja yake ni nyepesi. Chukua kazi mbili zinazofuatana, ya kwanza ikiwa ndiyo yenye mwisho wa mbali, kisha uzibadilishane. Iliyosogezwa mbele itakamilika mapema kuliko awali. Iliyorudishwa nyuma itakamilika saa ile ile ambayo mwenzake angekamilika, lakini mwisho wake uko mbali zaidi. Basi haiwezi kuchelewa kumzidi mwenzake alivyochelewa awali. Hoja hii hudai kwamba kazi zote ziko tayari tangu mwanzo, na kwamba muda wa safari haubadiliki kwa kubadili mpangilio.

Kanuni hiyo yafundisha jambo lingine. Ikiwa hata mpangilio huo unaliacha eneo moja limechelewa, basi hakuna mpangilio wowote utakaoyawahi yote. Hapo yabaki njia mbili: aongezwe mkaguzi, au zege lingoje. Kumwaga zege bila kukaguliwa si njia ya tatu.

Mazoezi

1. Zege la jamvi lilimwagwa Alhamisi tarehe 3 Aprili. Taja siku na tarehe za vipimo viwili.
2. Kipande cha milimita 150 kila upande kilivunjika kwa nguvu ya newton 562,500. Tafuta nguvu kwa kila milimita ya mraba.
3. Eneo D linaongezwa katika mfano wa hapo juu: saa 2 za kazi, zege saa 8 mchana. Panga upya ratiba, kisha eleza mkaguzi amwambie nini mjenzi wa eneo A.