Manjano: Kiungo cha Sufuria, Si Badala ya Tembe



Katika ziara zetu za vikundi tulimkuta mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari. Alikuwa ameacha tembe zake miezi miwili, akinywa manjano kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Kidonda cha mguuni kilikuwa hakikauki. Tulipomuuliza nani alimwambia aache dawa, alijibu kwa upole: "Si ni nyinyi mlitufundisha kwamba manjano husafisha damu?"

Ni kweli, tulisema hivyo kwa semina, tukapita. Hatukumwambia aache tembe, lakini pia hatukumwambia asiache. Mama alitibiwa hospitalini na mguu ukapona. Somo hili tumeliandika upya kwa sababu yake.

1. MANJANO NI NINI?

Ni shina linalokua chini ya udongo, ndugu ya tangawizi. Wengine huita binzari, lakini jina hilo hutumika pia kwa mchanganyiko wa viungo vya mchuzi, kwa hivyo dukani ulizeni vizuri. Rangi yake hutokana na kitu kiitwacho kurkumini. Katika kilo moja ya unga, kurkumini ni kama gramu 30 tu. Tafiti nyingi zinazosifu manjano zilitumia kurkumini iliyokamuliwa ikawa nyingi, si kijiko chetu cha jikoni.

2. KUPIKA VIZURI

a) Tumia mafuta. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwa maji, huyeyuka kwa mafuta. Kaanga kitunguu, punguza moto, tia nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya watu sita. Koroga kama nusu dakika, kisha tia nyanya. Yakiungua huwa machungu.

b) Ongeza pilipili manga kidogo. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu kurkumini pamoja na kiini cha pilipili manga. Kiasi kilichoingia damuni kiliongezeka karibu mara 20.

c) Angalia magadi. Ukitia magadi kwa maharagwe yenye manjano, rangi hugeuka kuwa nyekundu. Usishtuke, chakula hakijaharibika.

Manjano yanafaa kwa ndengu, maharagwe, viazi, wali na samaki wa nazi.

3. JE, NI DAWA?

Manjano ni chakula kizuri. Tembe za sukari, za presha, za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI zinabaki pale pale. Hakuna kijiko cha manjano kinachoshika nafasi yake.

Mwenye mawe ya nyongo, mama mjamzito, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda: kiasi cha mchuzi hakina shida, lakini wasinywe unga mwingi wala vidonge vya manjano kabla ya kuuliza daktari. Katika nchi kadhaa wako watu walioumia ini kwa vidonge hivyo. Tena msipake unga wa jikoni kwa kidonda kibichi. Osheni kwa maji safi na sabuni, mwende zahanati.

4. UNGA UMETOKA WAPI?

Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba huko Bangladesh wasindikaji wengine walipaka manjano rangi yenye madini ya risasi, yale ya betri za gari, ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na huwezi kuijua kwa macho wala kwa ulimi. Mwaka huo, sampuli 47 kati ya 100 za soko zilikuwa na risasi. Serikali ilichukua hatua, watu wakaelimishwa, na mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Basi uovu huu unaweza kukomeshwa. Sisi tununue manjano kwa mkulima tunayemjua, ama tulime wenyewe, na tusivutwe na yale yanayong'aa kupita kiasi.

Kusindika si kazi ngumu:

- Vuneni majani yakikauka, kama miezi 8 au 9 baada ya kupanda.
- Osheni, kisha chemsheni kama dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye kwa urahisi.
- Kateni, mwanike juu ya mkeka safi siku 10 hadi 15, mpaka kipande kivunjike kwa mlio.
- Sageni, mweke kwa mkebe wenye kifuniko, mbali na jua. Mwanga hufifisha rangi.

Kilo 5 za mabichi hutoa karibu kilo 1 ya makavu. Mweka hazina aikumbuke hesabu hiyo kabla ya kupanga bei, isije kikundi kikauza kwa hasara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kikundi chetu yuko aliyeacha dawa ya hospitali kwa sababu ya kiungo au mti shamba? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?
2. Unga tunaonunua unatoka wapi? Nani anaujua?
3. Tukiuza manjano yetu, tutamwambia mnunuzi nini, na nini hatutamwambia?

Swali la tatu hata sisi tunajiuliza. Neno moja la semina linaweza kufika mbali kuliko mwalimu aliyelisema. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.