Mjusi wa Mchanga wa Uingereza

Sisi tumezoea mjusi kafiri wa ukutani, basi huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba Uingereza, nchi ya baridi, yuko mjusi atagaye mayai mchangani. Hukaa katika vilima vya mchanga vya pwani, kama vile kaskazini ya Liverpool. Wakati wa kupandana, dume huwa kijani ubavuni, wala hana haya kujionyesha. Mwezi wa Mei au Juni jike hutafuta mchanga mtupu upigwao na jua, akachimba, akataga, akafukia, kisha akaenda zake. Haatamii, joto la jua ndilo liyaangualo. Vitoto hutoka Agosti au Septemba. Lakini majani na misonobari vikiufunika mchanga, mayai hupoa yakaharibika. Ndiyo sababu watunzaji wa pwani hung'oa vichaka, kazi ambayo mpita njia huidhania uharibifu.