Maji yaliyotulia yanaficha mengi: somo la ziwa Volta

Kila mtumishi anajua kwamba kazini haingii mtu bila kofia ya chuma na viatu vya usalama. Lakini siku ya Mungu mtumishi yule yule anachukua ndoano, anamwita mtoto wake, na wote wawili wanapanda mtumbwi katika ziwa Nzilo au Tshangalele. Hakuna aliyevaa kitu cha kuelea. Saa sita mchana mtoto anaoga kando ya majani, baba anamtazama na kucheka. Je, usalama unaishia kwenye mlango wa mgodi?

Maziwa yetu hayo mawili yalifanywa na watu. Tshangalele lilizaliwa mto Lufira ulipozuiwa kule Mwadingusha, ambako mtambo wa umeme ulianza kazi mwaka 1930. Nzilo, karibu na Kolwezi, ni maji ya Lualaba yaliyozuiwa katika miaka ya 1950. Yote mawili yalifanywa ili kupata umeme wa kazi ya shaba. Ziwa la namna hii lina faida nyingi, lakini lina tabia zake. Ili tuzifahamu vizuri, tuangalie ziwa la wenzetu wa Ghana.

Ziwa Volta

Kati ya 1961 na 1965 ukuta mkubwa ulijengwa Akosombo ili kuzuia mto Volta. Umeme wake ulitakiwa hasa kwa kiwanda cha kuyeyusha alumini katika mji wa Tema. Watu karibu 80 000 walihamishwa, na nyuma ya ukuta likatokea ziwa la urefu wa kilometa 400 hivi na eneo la kilometa za mraba karibu 8 500. Kwa ukubwa wa uso wa maji, hakuna ziwa lililofanywa na watu linalolipita ulimwenguni. Meli zinabeba mizigo toka Akosombo mpaka Buipe, kaskazini ya nchi, na wavuvi wanapata samaki wengi. Hiyo ndiyo faida. Sasa tuone yaliyofichwa.

Visiki na mawimbi

Maji yalipopanda, msitu mwingi ulikuwa haujakatwa. Miti ilikufa, lakini mashina yake yalibaki yamesimama chini ya maji. Maji yakipungua, visiki vinakaribia juu bila kuonekana, na chombo kikivigonga kinatoboka au kupinduka. Mwezi wa Aprili 2006 mashua iliyojaza watu kupita kiasi ilizama katika ziwa hilo, na zaidi ya watu 100 walihofiwa kuwa wamekufa.

Tena, mto ni mwembamba lakini ziwa ni pana. Upepo unapata nafasi ya kukimbia na kuinua mawimbi. Asubuhi maji yametulia kama kioo. Jioni, wakati wa masika, mtumbwi uliojaa hauna nguvu mbele yao.

Adui asiyeonekana

Kabla ya ukuta kujengwa, ugonjwa wa kichocho, ndio bilharzia, ulikuwa mdogo katika sehemu hizo za Volta. Mto wenye nguvu unawachukua konokono. Lakini kando ya ziwa maji yalitulia, majani yakaota tele, na konokono wakapata nyumba. Wavuvi wakafika kutoka upande wa chini wa mto, na wengine walikuwa na ugonjwa mwilini. Miaka michache tu ikapita, na katika vijiji vingine watoto karibu 90 kwa 100 walikuwa nao.

Unapitaje? Mgonjwa anakojoa au kwenda haja katika maji, na mayai ya mnyoo yanatoka. Mayai yanapasuka, vidudu vinaingia katika konokono na kuzaana humo kwa majuma kadhaa. Kisha vinatoka kwa maelfu, hasa mchana wa jua, na kutafuta ngozi ya mtu. Vinapenya kwa dakika chache, bila kidonda. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo na kukaa miaka mingi katika mishipa ya damu.

Mtoto anachoka, tumbo linauma, darasani anasinzia, na mara nyingine anakojoa damu. Mahali pengine wazee walidhani damu hiyo ni alama ya mvulana kukua. Hapana! Ni ugonjwa. Ukiachwa, unaharibu kibofu, figo au ini, na kwa wanawake unaharibu viungo vya uzazi.

Mambo ya kufanya

1. Usipande chombo kilichojaa. Kama nafasi hakuna, ngoja kingine.
2. Kila mtu avae jaketi la kuelea, na mtoto awe wa kwanza kuvalishwa. Jaketi lililo chini ya kiti haliokoi mtu.
3. Mawingu yakijikusanya, rudi nchi kavu. Samaki watakuwako kesho.
4. Usinywe pombe kabla ya kupanda mtumbwi, wala ndani yake.
5. Usioge wala kusimama kando penye majani na konokono. Kuvua toka juu ya gati au ndani ya mtumbwi ni afadhali kuliko kuingia majini kwa miguu.
6. Mama, maji ya ziwa ya kuogeshea mtoto yapashe moto sana kwanza, kisha yapoe. Au yachuje konokono na kuyaweka siku mbili katika chombo kilichofunikwa. Vidudu vitakuwa vimekufa. Maji ya kunywa lazima yachemke.
7. Usikojoe wala kwenda haja ndani ya ziwa au kando yake.
8. Ukiwa umeoga ziwani, usingoje kuona damu. Mweleze mganga wa hospitali, naye atapima mkojo na choo. Dawa ya prazikuanteli inaua minyoo, lakini haimkingi mtu anayerudi katika maji yale yale.

Maswali ya nyumbani

Baba, je, mtoto wako angeingia mgodini bila kofia? Kwa nini basi apande mtumbwi bila jaketi? Mama, ni nani nyumbani ameoga ziwani mwaka huu, na je, amepimwa?

Jibuni pamoja leo jioni, kabla ya siku ya Mungu kufika.