Hasira ya Ukoo: Je, Ni Damu au Ni Malezi?



Katika nyumba nyingi, baada ya ugomvi husikika maneno haya: "Mimi ndivyo nilivyoumbwa. Hata marehemu baba alikuwa mkali." Mke naye huwaambia watoto, "Mzoeeni baba yenu, ukoo wao wote ni hivyo." Tuyachunguze maneno haya, kwa maana mtu aaminiye kwamba hasira yake ni damu hatajisumbua kubadilika.

Moto na breki

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Hiyo hutambua hatari upesi: moyo hudunda, misuli hukaza, ngumi hukunjwa. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine, ambayo hupima na kuuliza, "Nikitenda hivi, itakuwaje?" Hiyo ndiyo breki. Huchelewa kukomaa, hata mtu apitapo miaka 20. Kwa hiyo kijana wenu wa miaka 15 anayefoka hovyo bado anahitaji breki yenu. Nanyi mkifoka zaidi yake, atajifunza kwa nani?

Pombe nayo huilegeza breki hiyo. Tena mama mjamzito akinywa, pombe humfikia mtoto tumboni na yaweza kuuharibu ubongo wake, hata akawa na shida ya kujizuia maishani. Baba, usimnunulie mkeo mjamzito chupa ukidhani unamfurahisha.

Damu ina sehemu yake

Mwaka 1993 wataalamu wa Uholanzi walieleza habari za ukoo mmoja ambao wanaume wake kadhaa walikuwa wakali kupita kiasi. Walikutwa na kasoro katika jeni iitwayo MAOA, ambayo husaidia kuvunja kemikali fulani za ubongo. Kasoro hiyo ni nadra mno. Na tazameni: mtoto wa kiume huipokea jeni hiyo kwa mama yake, wala si kwa baba!

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanaume wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu utoto. Wengine walikuwa na aina ya jeni hiyo isiyofanya kazi sana. Kati ya hao, waliotendewa vibaya utotoni ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kuwa wakorofi. Waliolelewa vema hawakuwazidi wenzao. Uchunguzi wa baadaye haukutoa jibu moja kila mahali, lakini fundisho ni wazi: jeni peke yake haimwinui mtu mkono.

Malezi huandika ndani ya ubongo

Mtoto asikiaye vitisho kila siku, mwili wake hukaa tayari kwa vita. Wako watoto waliotelekezwa katika makao ya yatima ya Romania, kisha wakalelewa na familia nzuri Uingereza baada ya 1990. Walipopimwa ukubwani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ubongo wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tufanye nini?

Moto ukiwaka, nyamaza. Mwambie mwenzako, "Nitarudi baada ya nusu saa tuzungumze." Tembea mpaka moyo utulie, kisha urudi kweli.

Na kama kuna mapigo nyumbani, asiambiwe mtu avumilie kwa sababu "ni damu". Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, humruhusu mwenzi aliye hatarini, yeye au watoto wake, kutengana na anayemhatarisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya ukatili wa nyumbani nayo humpa haki ya kuomba ulinzi mahakamani. Usalama kwanza, mashauri baadaye.

Maswali ya kujadiliana wawili

1. Ni maneno gani ya "ukoo wetu" tunayoyatumia kujitetea?
2. Watoto wetu huona nini sisi tunapokasirika?
3. Ni ishara gani tutakayokubaliana, mmoja wetu akihitaji kunyamaza kwanza?

Jibuni jioni moja, watoto wakiisha kulala, wala asiwepo wa kuhukumu. Rangi ya macho hatuwezi kuibadili. Namna ya kujibizana mezani twaweza.